Aliyepokea Simu ya Dharura

Simu ilipokelewa kabla haijaita.

Fundi aliitoa sikioni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa chumba cha nyuma cha tawi jipya la kampuni ya bima, amechuchumaa kati ya maboksi matupu, akijaribu namba ya dharura. Simu alizofunga zilikuwa za mtandao, na zote zilipita kwenye mtambo wa makao makuu, mji mwingine kabisa. Bila anwani ya tawi kuingizwa mtamboni, mtu angepiga simu akiungua huku, na zimamoto wangekwenda kule, wakute watu wanakunywa chai.

"Tunakuona," ilisema sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka. "Chumba cha nyuma, penye dirisha lililozibwa."

Fundi aligeuka. Dirisha lilikuwapo kweli, limezibwa kwa matofali. Anwani alikuwa hajaiingiza, lakini alijisemea kwamba mwenzake wa makao makuu amemsaidia. Akafuta mkono wa simu, maana ulinuka nywele zilizoungua, akakusanya vifaa vyake, akaondoka na moyo mweupe.

Dada yake mkubwa ndiye alikuwa mhasibu wa tawi hilo. Hazikupita siku nyingi akampigia.

"Mdogo wangu, simu zako zinanuka."

"Zinanuka nini, dada?"

"Nywele za kuungua. Na ile ya chumba cha nyuma inaita yenyewe. Nikipokea, mtu anauliza, 'Nani anaumwa?'"

Fundi alicheka. "Mwambie wote wazima."

"Nilimwambia," dada alisema, na sauti yake ikashuka. "Akasema, 'Bado.'"

Wiki hiyohiyo, adhuhuri, mhudumu wa ofisi, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Bi Chai, alianguka chumba cha nyuma akiwa na sinia mkononi. Dada alinyanyua simu akapiga dharura.

"Tumeshafika," ile sauti ilimjibu. "Mwacheni peke yake. Fungeni mlango. Tunapitia nyuma."

Nyuma hapakuwa na mlango. Lakini mtu aliyechanganyikiwa hufuata anachoambiwa, nao walitoka, wakafunga, wakasimama kwenye ukumbi wakisikiliza magurudumu ya machela yakiviringika sakafuni, na miguu mingi iliyotembea bila viatu, na Bi Chai, aliyekuwa amezimia, akizinduka na kuanza kuwaomba wafungue, kwanza kwa heshima, kisha kwa majina yao mmoja mmoja, huku kitasa kikiwa cha moto kiasi kwamba hakuna aliyeweza kukishika.

Kitasa kilipopoa waliingia. Bi Chai alikuwa amekaa kitako ukutani, hana unywele hata mmoja, mkono wa simu umeyeyukia kwenye shavu lake.

Fundi alipekua mtambo mzima. Tangu tawi lifunguliwe, hapakuwa na simu hata moja iliyotoka pale kwenda dharura. Hata ile yake ya majaribio haikuwapo. Na nafasi ya anwani ilikuwa tupu.

Akaingiza anwani. Akaenda tawini mwenyewe, akapiga. Safari hii simu iliita, ikaita tena, akapokea mwanamume mwenye mafua.

"Dharura. Nani mwenzangu?"

Mwanamume huyo alimsomea fundi anwani ya tawi bila kukosea. Fundi nusura alie. Akaing'oa simu ya chumba cha nyuma, waya na vyote, akaitupa.

"Sasa zinakwenda kwa watu," alimwambia dada yake.

"Mimi nataka kuacha kazi."

"Uache kwa nini, na mimi nimeshamaliza?"

"Una hakika?" alinong'ona.

"Nakuapia, dada."

Akabaki.

Siku wenzake walipokwenda kuwapa pole wafiwa wa Bi Chai, mhasibu alibaki kufunga hesabu. Jua lilikuwa bado kali nje. Alianza kusikia magurudumu, polepole, yakitoka chumba cha nyuma na kuja ukumbini, akakimbilia mlango wa mbele ukakataa, akanyanyua simu ya mezani kwake, na mwenye mafua akapokea, na anwani ikatokea mbele yake vilevile kama alivyoapa fundi, na gari la wagonjwa likatoka papo hapo, likishika barabara sahihi, kona sahihi, huku mhasibu akisema kwa pumzi iliyokatika kwamba wapo wengi, kwamba wanamlaza kwenye machela, kwamba nywele zake, nywele zake, ndipo simu ikakatika.

Mwenye mafua alifanya anachotakiwa kufanya simu ikikatika. Alipiga tena namba iliyompigia.

Hilo ndilo fundi hakuwa amelifikiria. Simu zote za tawi, zikipiga nje, zilionyesha namba moja tu ya kupigiwa, nayo ilikuwa ya simu ya chumba cha nyuma, ile aliyoing'oa.

Ilipokelewa.

"Samahanini sana," mwanamke alisema. "Nilishtuka bure. Nimeshapoa, rudini tu."

Gari liligeuza likiwa linaliona paa la tawi.

Baada ya maziko, kikosi cha dharura kiliipa familia nafasi ya kusikiliza simu hiyo iliyorekodiwa. Fundi aliisikiliza kwanza, peke yake, kwa vifaa vya masikioni. Sauti ilikuwa ya dada yake, hata kile kicheko kifupi mwishoni. Na nyuma yake, mbali, kama mtu aliye chini ya sakafu, dada yake huyohuyo alikuwa akipiga kelele: "Siyo mimi! Msigeuze! Mdogo wangu, uliniapia!"

Mama yao alikuwa akingoja kwenye benchi, mikono imekumbatia pochi.

"Na mimi niisikie, mwanangu."

"Mama, haina maana."

"Ni mtoto wangu. Niisikie."

Fundi alipunguza sauti mpaka ile ya nyuma ikapotea, akamwekea mama yake kidude sikioni. Mama alisikiliza huku amefumba macho. Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, uso wake ukalegea.

"Alikuwa ametulia," alisema, akimshika fundi mkono. "Mungu mkubwa. Mwanangu hakuteseka. Niwekee tena, baba. Ongeza sauti kidogo."