Sindano ya Hana Si ya Ng'ombe

Mume wangu Masele anajua ng'ombe. Akimtazama ndama mara moja tu, anakwambia kama ana ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Sindano anachoma mwenyewe. Hapa kwetu Kakese watu wanamwita daktari, na jina hilo limetuponza. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu. Nyie wazazi, msifanye kama sisi.

Binti yetu Hana alianza kuumwa mwaka 1994. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku moja tunatwanga, akasimamisha mchi.

"Mama, unasikia wanavyonisema?"

"Akina nani?"

"Hao juu ya paa."

Juu ya paa hapakuwa na mtu. Baadaye akaacha kulala. Akaacha kula, eti ugali una sumu. Ugali nimeusonga mimi mama yake! Tukazunguka kwa waganga miezi mitatu. Wa kwanza alisema mizimu. Wa pili alisema mchawi ni jirani yetu, Vestina. Na huyo huyo Vestina ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kituo cha afya mjini Mpanda. Aibu niliyoona siku hiyo naijua mwenyewe.

Muuguzi wa pale, Sista Imakulata, alimchoma Hana sindano. Akampa na vidonge vya kuzuia mikono isitetemeke. Akasema turudi kila mwezi. Mwezi wa pili sauti zikapungua. Mwezi wa nne Hana anaimba kwaya, analima mpunga, anataniana na wenzake.

Hapo Masele akaanza.

"Kesho hatuendi mjini."

"Kwa nini, Baba Hana?"

"Amepona. Ng'ombe akipona unaendelea kumchoma? Utamharibu maini."

"Hana si ng'ombe!"

"Damu ni damu. Kwani hapa nani anajua sindano, mimi au wewe?"

Nilisema. Nikasema tena. Ni sawa na kuongea na nguzo ya zizi. Lakini niseme ukweli wote: miezi mitatu ilipita bila sindano, Hana yuko vizuri, na mimi nikaacha kusema. Nilichoka na ile safari. Kosa hilo ni langu.

Mwezi wa tano bila sindano, asubuhi, tukakuta zizi wazi. Ng'ombe wako kwenye mahindi ya Vestina. Hana hayupo. Sauti zilikuwa zimerudi. Zilimwambia zizi ni gereza, awafungulie ng'ombe halafu akimbie.

Tulimtafuta siku mbili. Niliita mpaka koo likakauka. Nilikuwa nawaza simba, nawaza mto. Akapatikana njia ya Kibaoni, miguu imevimba, hanitambui mimi mama yake. Masele akamfunga kwa kamba ya ng'ombe, akampakia kwenye mkokoteni, tukaenda mjini.

Sista Imakulata alipoiona ile kamba, uso ukabadilika.

"Mfungueni."

"Atakimbia," Masele akasema.

"Baba, nimesema mfungue. Hana, ni mimi Imakulata. Hapa hakuna wa kukudhuru. Nitakaa na wewe."

Alikaa naye kweli. Alimsemesha polepole mpaka akakubali sindano. Hana alipolala, Sista akatugeukia.

"Mlikuwa wapi miezi mitano?"

"Alipona," Masele akajibu, kifua mbele. "Mimi mfugaji. Dawa nazijua."

Nilitamani kumpiga na kiatu.

"Sikiliza, Baba," Sista akasema. "Ubongo ni kiungo, kama moyo. Sehemu zake zinapelekeana habari kwa kutumia kemikali. Watafiti wameona kwamba kwenye ugonjwa huu kemikali moja inazidi mahali fulani. Hapo ubongo unatengeneza sauti ambayo hakuna mdomo ulioitoa. Mgonjwa anaisikia kweli, hadanganyi. Dawa inapunguza ile kazi iliyozidi."

"Na kinachosababisha izidi?" Masele akauliza.

"Hawajajua yote, bado wanatafiti. Lakini si uchawi, wala si malezi ya mama yake."

Nililia niliposikia hivyo. Sikujua kwamba nilikuwa nangoja mtu aniambie.

Masele bado. "Sawa. Lakini alipona, Sista. Mzima anachomwa sindano ya nini?"

Sista akamtazama. "Ng'ombe wako unawapeleka josho mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Wanakuwa wanaumwa?"

"Waumwe wapi! Hawaumwi kwa sababu nawaogesha. Nikiacha, kupe wanarudi, na..."

Akaangalia ile kamba iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Na nini, Baba?" Sista akauliza.

"Na ndigana inarudi," akasema kwa sauti ndogo.

Gete, kweli kabisa! Mimi nimesema mpaka nikachoka, hakusikia. Umetajwa ng'ombe, amesikia!

Sista alituambia na mengine. Dawa ikileta shingo kukaza au mwili kutetemeka, tusiache, turudi tuseme, kuna namna ya kusaidia. Siku ya kupunguza au kuacha ikifika, tutaamua pamoja naye, siyo Masele peke yake zizini. Na Hana akisikia sauti tusimcheke, tusibishane naye. Kamba ibaki ya ng'ombe.

Safari hii Hana alichelewa kupata nafuu. Mara ya kwanza ilikuwa miezi miwili, sasa karibu sita. Hiyo ndiyo hasara ya kuacha. Masele alimlipa Vestina ndama kwa yale mahindi. Na kila mwezi anakata alama kwenye nguzo ya zizi, siku ya sindano.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Masele akachungulia nje.

"Njia ni matope matupu. Tutaenda wiki ijayo. Kwani si mzima?"

Nikafungua mdomo nimkaripie. Lakini Hana alikuwa ameshatoka chumbani na kadi yake ya kliniki, ameifunga kwenye nailoni, viatu mkononi.

"Baba," akasema, "hata josho unaruka kwa sababu ya matope?"

Masele akaguna. Akaenda kutoa baiskeli.