Kamera Iliyochukia Masale

Lilian alikuwa anafua uani simu ilipoita. Alikuwa mumewe, Reginald. Hakusalimia wala hakuuliza mtoto ameamkaje.

"Huyo mwanamume aliyesimama nyuma yako ni nani?"

Lilian akageuka. Nyuma yake kulikuwa na beseni, kuku mmoja, na ukuta wa jiko. Akamwambia hapa hakuna mtu. Reginald akamjibu asimfanye mjinga, kamera imemwandikia "mtu ameonekana", tena imemchorea kisanduku chekundu, na yeye hata akiwa Serengeti anaona kila kitu. Akakata simu.

Hebu fikiria. Mtu analipwa kuwaonyesha watalii simba, simba wenyewe wamelala pale mbele ya gari, na yeye macho yako kwenye simu anamtafuta mwanamume nyuma ya mkewe.

Kamera ile aliinunua akasema ni ya wezi. Wezi mtaani hapa Kimandolu wapo, sibishi, na nyumba ile walishaibiwa mpira wa maji na nguo kwenye kamba. Lakini kamera ya wezi hutazama geti. Hii Reginald aliifunga kwenye nguzo ya veranda, ikatazama uani, jikoni, na mlango wa chumba ambamo Lilian anafuma masweta ya shule kwa mashine. Haikuwa na waya hata mmoja. Ilikuwa na kioo chake cha sola, jicho linalozunguka kumfuata mtu anapotembea, na spika ndogo ambayo Reginald aliitumia kumsemesha mkewe mbele za watu. Mzazi anapima sweta la mwanawe, mara sauti inatoka juu ya nguzo inauliza huyo baba anasubiri nini na sweta ameshalipata. Wateja wanaume wakaacha kuja kabisa. Ili mkewe asiseme anapelelezwa, Reginald alimwekea picha hizo na yeye kwenye simu yake, akaona hapo ametenda haki.

Sasa, kwenye mpaka wa kiwanja chao na cha Bibi Aikaeli kulikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa na baba yake Reginald na marehemu mume wa Bibi. Upepo wa mlima Meru ukishuka mchana masale yanatikisika, kamera inadhani kuna mtu anatembea, na simu ya Reginald inalia huko porini mpaka betri inakwisha. Lilian alimweleza kwamba kuna mahali pa kugusa kwenye simu ili kamera isishtukie majani. Reginald hakupenda kuelezwa. Aliporudi kutoka safari alichukua jembe, akayang'oa masale yote, akayatupa mtaroni nje ya geti.

Huyu ni Mchaga, amelelewa na bibi yake huko Machame. Alijua kwamba jani la sale ndilo mtu analobeba mkononi anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Alijua kwamba mpaka uliopandwa sale hata mlevi haugusi. Laiti angekuwa mgeni asiyejua mila za watu ningemwonea huruma. Alijua yote hayo, akang'oa kwa sababu simu ilikuwa inampigia kelele, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya.

Bibi Aikaeli ni mjane wa Kimeru, mwimbaji wa kwaya ya usharika, mama asiyependa maneno mengi. Alitoka akayatazama yale mashimo kwa muda mrefu.

"Reginald," alisema, "unajua baba yako na mume wangu walizika nini hapo?"

Reginald akamwambia arudi ndani akapike, mpaka uko kwenye ramani ya serikali wala si kwenye majani. Bibi akarudi ndani. Tangu siku hiyo hakuitika salamu ya mtu yeyote wa nyumba ile, hata shikamoo ya Blessing, ambaye ana miaka mitano na hajamkosea mtu.

Reginald akarudi porini, na ndipo ikaja ile simu ya kumuulizia mwanamume nyuma ya beseni.

Lilian alimaliza kufua kwa hasira, kisha akafungua picha kwenye simu yake atazame huyo mwanamume anayesingiziwa. Akajiona ameinama kwenye beseni. Nyuma yake kulikuwa na kisanduku chekundu, kirefu kuliko mtu wa kawaida, na ndani ya kisanduku hapakuwa na kitu. Akarudisha nyuma picha za alfajiri. Kisanduku kilikuwa kwenye mashimo ya masale. Jana yake pia kilikuwa mashimoni. Kilikuwa kimetoka huko kikaja hadi kwenye mparachichi wa uani, kutoka mparachichi hadi kwenye beseni, taratibu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Alijaribu kujiambia kwamba kamera ni mbovu. Lakini alasiri ile akiwa kwenye mashine yake alisikia ule mlio mdogo, krrr, wa jicho la kamera linapozunguka, na hakuna aliyekuwa uani isipokuwa kuku, na alipochungulia dirishani aliwaona kuku wanapisha njia katikati, huku na huku, huku kamera inageuka polepole ikimfuata mtu ambaye hayupo mpaka kwenye mlango wa jiko. Hapo ikatulia. Ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Jikoni hapakuwa na maziwa wala moto.

Alimpigia Reginald, hakupatikana. Akampigia mchungaji, naye akaahidi kuja baada ya ibada ya Jumapili. Lilian akafunga mlango wa jiko kwa ufunguo, kitu ambacho hajawahi kufanya mchana tangu aolewe.

Siku iliyofuata baridi ya Julai ilikuwa imeshika, mlima wote umefunikwa na wingu, na jioni ilikuja mapema. Blessing alikuwa verandani anachezea mabaki ya nyuzi. Spika ya kamera ikakohoa kidogo, jinsi inavyofanya baba yake anapotaka kuongea.

"Blessing. Njoo huku kwenye mashimo, baba nimekuletea zawadi."

Ilikuwa sauti ya Reginald, hata ule mkwaruzo wa sigara ulikuwemo. Lilian, aliyekuwa ndani, alipandwa na hasira kabla ya woga. Akashika simu akampigia, na safari hii ilipokelewa. Akamuuliza ana akili gani ya kumwita mtoto kwenye mashimo na giza linaingia. Reginald akasema hajamwita mtu, ndiyo kwanza anafika kambini, tangu mchana hakuwa na mtandao. Kisha naye akawaka. Nani anachezea kamera yake? Amempa nani neno la siri? Huyo mwanamume ameingia mpaka kwenye simu?

Na wakati Reginald anafoka sikioni mwake, sauti ileile, ya mtu yuleyule, ilikuwa inaendelea kusema juu ya nguzo, kwa upole, bila kupumua, ikimwita mtoto kwa jina, halafu katikati ya upole ule ikaanza kuporomosha matusi ya zamani ambayo Reginald hata hakuyajua, kwamba mwizi wa ardhi we, nitaimwaga damu ya mwanao hapa uilambe, ukoo wako ufie tumboni, na matusi mengine ya Kimeru na Kichaga yaliyochanganyika mpaka hayakujulikana ya nani ni yapi, na Blessing akainuka, akaacha nyuzi zake, akashuka ngazi za veranda akielekea mpakani na mkono wake mmoja umenyanyuliwa juu, jinsi mtoto anavyoshikwa mkono na mtu mzima.

Lilian alitupa simu akakimbia. Alipomshika mtoto alihisi upande wa pili unavuta. Akavuta na yeye. Blessing akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akamtukana mama yake kwa Kimeru, lugha ambayo mtoto yule haijui, kwa sauti nene ya mzee. Kilichokuwa kinavuta kikaachia ghafla, wote wawili wakaanguka chali. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa kwenye nywele za mtoto.

Lilian alimbeba hadi verandani, akachukua sweta la shule akaifunika ile kamera, akafunga mikono ya sweta kwa fundo. Sauti ikaendelea kutoka ndani ya sufu. Hapo hasira zake zote, za kuangaliwa, za kusingiziwa, za kufokewa mbele za watu, zikakusanyika mahali pamoja, na nadhani ndizo zilizompa miguu. Akatoka nje ya geti na mtoto mgongoni. Mtaroni masale yalikuwa bado mabichi, maana sale halifi haraka. Akachukua jani moja, akaenda kugonga kwa Bibi Aikaeli.

Bibi alifungua, akaona ni nani, akaanza kufunga. Kisha akaliona lile jani, na mkono wake ukabaki juu ya mlango.

"Shikamoo, Bibi," Lilian alisema. "Nimekuja na sale."

Bibi alikuwa na hasira, ila mila ilikuwa imemshika shati. Mwishowe alilipokea kwa mikono miwili, akawaingiza ndani, akaeleza kwa kifupi. Baba yake Reginald na mumewe Bibi walikatana mapanga kwa ajili ya hatua moja ya ardhi. Wazee wakawasimamisha juu ya shimo, wakawaambia watoe kila tusi na kila laana waliyonayo, wateme mate, wamalizie hapo hapo. Ilichukua siku nzima. Jioni, kabla ya kufukia, waliokuwepo walisikia shimo linawajibu. Ndiyo maana masale yalipandwa kwa kubanana vile.

"Ni jini lililozaliwa na vinywa vya watu," Bibi alisema. "Linashiba kwa ugomvi. Na mimi nimelinenepesha kwa kununa. Nimelisikia huko kwenu, nikasema liwakomeshe."

Lilian akamwomba alifunge tena. Bibi akamtazama Blessing, aliyekuwa amelala begani kwa mama yake akiguna.

"Toba yako nimeipokea, na ya mtoto," alisema. "Ya Reginald ataileta mwenyewe kwa mkono wake. Hiyo siwezi kuipokea kwako hata ukilia, na mpaka ailete, jini litamsubiri nje ya masale."

Waliyapanda masale jioni ileile, wanawake wawili kwa jembe na panga, magotini kwenye tope. Bibi alitema maziwa mabichi kwenye kila shimo, akaimba wimbo wa kitabu chao cha Kilutheri kwa sauti ya pili, hakuona shida yoyote kuchanganya mila na dini. Walipoweka shina la mwisho, spika chini ya sweta ilikatika katikati ya tusi. Blessing akaamka akasema ana njaa.

Lilian hakuivunja kamera. Aliivua sweta, akaihamishia juu ya nguzo ya geti ikatazama nje, ikaanza kufanya ile kazi iliyokuwa inasingiziwa. Akampigia mumewe, akamweleza yote, akamwomba akirudi aanzie kwa Bibi na jani mkononi kabla ya kuingia. Akamwambia anaogopa kwa ajili yake. Reginald alicheka. Kisha akauliza kwa nini mkewe amegusa kamera.

Alirudi Jumamosi mchana. Hakugonga, alipiga honi, kisha alipiga geti kwa ngumi na kwa teke. Lilian alikuwa ndani ya geti na funguo mkononi, na Blessing ameshika sketi yake. Akamwambia kwa upole aende kwanza kwa Bibi.

"Mimi? Nikaombe msamaha kwa majani?" Reginald alisema. "Nitolee hapo mtoto wangu. Nyumba baki nayo, na wanaume wako baki nao. Mtoto nipe."

Juu ya geti ikapita harufu ya maziwa yaliyoungua.

Lilian akatoa simu akatazama picha. Bodaboda ilipita barabarani, kamera ikamchorea dereva kisanduku. Mama mwenye ndizi kichwani alipita, akachorewa chake. Reginald alikuwa amesimama katikati kabisa, uso umejaa jasho, na kamera yake mwenyewe haikumchora. Kisanduku kirefu chekundu kilikuwa pembeni yake, begani, palipokuwa patupu.

Alikuwa mumewe. Alimkasirikia kwa kila pumzi aliyokuwa nayo, na bado alikuwa mumewe. Akachuma jani moja la sale pale mpaka unapofika kando ya geti, akainama, akalisukuma chini ya geti.

"Baba Blessing, liokote. Kwa Bibi ni hapo tu. Liokote, nakuomba."

Kwenye simu alimwona analitazama lile jani. Aliinama kidogo, na uso wake ukawa ule wa kijana aliyemtongoza Lilian kwenye mkesha wa kwaya, na Lilian akauingiza ufunguo kwenye kufuli. Kisha Reginald akajinyoosha, akaweka kiatu juu ya jani, akalisaga kwenye changarawe.

Kisanduku kikasogea. Kikamfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, kikamkaa sawasawa. Simu ikalia mkononi mwa Lilian: mtu ameonekana.

Kelele za getini zikaisha papo hapo. Lilian alimnyanyua Blessing, akajipenyeza naye katikati ya masale kwenda kwa Bibi Aikaeli, ambaye alikuwa ameshafungua mlango. Nyuma yao, nje ya geti, sauti ya Reginald ilianza kumwita mtoto kwa jina, taratibu, kwa upole ambao Reginald hakuwahi kuwa nao.