Chai ya Siku ya Tatu

Daftari la mtafiti Komal liliibwa kwenye ukumbi wa warsha hotelini saa nne na nusu asubuhi, wakati wasomi wa nchi kumi na nne wametoka kunywa chai. Kufikia saa tano, hoteli ilikuwa imeshampata mwizi: Veronicah, mpishi wa chai, kwa sababu alikuwa na ufunguo wa ukumbi na hakuwa na digrii.

Inspekta Ndeti hakuipenda hesabu hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi wa mtaa wa Woodley, asiyeamini hata saa ya ukutani mpaka atazame ya mkononi. Kitasa hakikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu.

"Daftari lilikuwa na nini?" alimuuliza Komal.

"Vipimo vya miezi kumi na minne. Joto linavyopita kwenye waya kabla halijatulia. Niliandika kwa mkono, papo hapo maabarani." Alitazama saa. "Saa sita ni zamu yangu. Wageni wanataka kuliona lenyewe. Nisipokuwa nalo, watasema nimebuni."

Meneja wa hoteli alikohoa. "Madam, tunapoteza wakati. Huyu mama nimemfuta kazi. Mpelekeni kituoni."

"Daftari ya hesabu nitaipeleka wapi, soko la Ngara?" Veronicah aling'aka, machozi yakimlengalenga. "Nifungie watu mandazi?"

Ndeti nusura acheke. Hata hivyo hakumwamini bado. Sajini Kiilu alipekua mkoba wake na kabati lake, akatoka na leso moja na kitabu cha nyimbo.

Ufunguo wa pili alikuwa nao Hezekiah, mwandaaji wa warsha.

"Ulikuwa wapi saa nne na nusu?"

"Kwa chai, madam. Na leo ilikuwa chai! Tangawizi mpaka puani. Nilirudia mara tatu."

"Nani alikuona?"

"Foleni yote. Walinipigia kelele."

Wa tatu ulikuwa wa Profesa Navnit, mzee wa mtaa wa Loresho mwenye suti ya kijivu, msimamizi wa Komal tangu shahada ya kwanza. Alimwita "beti", kama mtoto wake wa kumzaa.

"Nami nilikuwa kwenye chai," alisema kwa upole. "Nilijimiminia maji ya moto, nikachovya mfuko wa majani dakika tatu, nikaongeza maziwa kidogo. Sukari situmii."

Maelezo yalinyooka mno. Ndeti alishuka hadi meza ya chai. Palikuwa na birika mbili kubwa, vikombe, basi.

"Mifuko ya majani iko wapi?"

"Kwa stoo, madam," Veronicah alijibu. "Siku mbili nimewapa, jana wakalalamika, eti hiyo ni maji imepakwa rangi. Leo nikachemsha yote pamoja, majani, maziwa na tangawizi. Hata maji ya moto sikuweka."

Ndeti alipanda ngazi mbili mbili.

"Profesa, hiyo chai uliinywa jana."

"Sikuelewi."

"Leo hakukuwa na mfuko hata mmoja. Daftari liko wapi?"

Navnit alimtazama Komal, kisha akakwepesha macho. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni. Kiilu alilikuta daftari kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba.

"Kanuni ya joto anayoipima ina jina langu," mzee alisema. "Miaka ishirini na sita inafundishwa. Waya wake uliikataa siku baada ya siku. Nilitafuta kosa lake kila ukurasa. Halipo."

"Ungeniambia, Uncle," Komal alisema akilia.

"Nikuambie nini, beti? Kwamba nakuogopa?"

Komal alilikumbatia daftari, akajifuta uso, akaingia ukumbini. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

"Siku tatu nimewahubiria wageni kwamba hakuna kinachobaki kilivyokuwa," Navnit alinong'ona akinyoosha mikono apokee pingu. "Halafu nikadhani chai ya leo ni ya jana."

"Ngoja kidogo, madam." Ilikuwa sauti ya Veronicah. Meneja alikuwa akibabaika na pole zake. Veronicah alimpita kama hakumwona. Alishika kikombe kilichofuka mvuke, akampa profesa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mzee. Huko unaenda ni ya rangi tu, haina maziwa."