Matumbo ya Kondoo Juu ya Hadithi

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, Gobnait Tansey alifungua mlango wa chumba chake cha uchapaji huko Leitrim, akarudi nyuma, mkono mdomoni. Sanduku la hadithi lilikuwa limejaa matumbo ya kondoo. Yameoza, na funza wanatembea juu ya bahasha za watu kama wako kwao.

Kila mwaka Gobnait na mwenzake, Fiachra Mulvey, walichapa kitabu kimoja cha hadithi za ajabuajabu walizoletewa kwa posta. Safari hii Gobnait aliipenda moja kuliko zote, ya viazi vilivyoota meno. Bibi Úna Gilrane aliiandika kwa mkono, nakala hiyohiyo moja, kabla hajapooza. Nyingine hataandika tena. Jumamosi Gobnait aliitia sandukuni, Fiachra akitazama.

"Ni yule Lorcan wa Dublin," Fiachra alisema, pua ameibana. "Tumemkatalia hadithi zake mara tatu. Tangu Ijumaa yuko hapa kijijini, analewa na kututukana."

Gobnait alimkuta Lorcan Swords baa, anakunywa chai.

"Wewe ndiye uliyetumwagia uozo?"

"Mama, mimi nakutukana mchana, mbele za watu. Matumbo ya nini?" Lorcan alicheka. "Tena jana nimefukuzwa nilikopanga! Nimevunja tawi la ule mti wa miiba ulio peke yake kondeni, lina maua mazuri, nikaliingiza ndani. Mwenye nyumba akapiga yowe kama nimeleta maiti."

"Umevunja tawi la mti ule?"

"Si mti tu?"

Gobnait alitoka mbio. Alikwenda nyuma ya chumba chake cha uchapaji. Matone meusi na nyayo za buti zilitoka mtaroni, alikolala kondoo mfu aliyepasuliwa tumbo, zikakata konde moja kwa moja. Zilipoukaribia mti wa miiba, zikauzunguka kwa mbali, zikaona heri tope la magotini, kisha zikanyooka tena. Lorcan angepita chini yake akipiga mluzi. Huyu alikuwa mtu wa palepale, anayewaogopa wenye mti, viumbe wale wasioonekana wala kutajwa.

Akavaa glavu, akachambua sanduku. Alitapika mara mbili. Bahasha zote zilikuwemo, zimelowa tu. Ya Úna haikuwemo.

Akamwita Fiachra. "Twende mtaroni, tukate konde moja kwa moja."

Alitangulia, akapita chini ya matawi aliyokatazwa na mama yake tangu utotoni. Alipogeuka, Fiachra alikuwa anauzunguka mti, buti zake zikitua ndani ya nyayo zilezile.

"Zinakuenea," Gobnait alisema.

"Kila mtu hapa huzunguka!"

"Na kila mtu alijua ya Úna imo sandukuni? Tulijua mimi na wewe. Uchafu wote ule ni ili nisione kinachokosekana. Iko wapi?"

Fiachra aliinamisha kichwa. "Nimeichoma. Niliipeleka shindanoni Dublin kwa jina langu, ikashinda. Ingetoka kitabuni mwetu, ningeumbuka. Miaka yote nasoma za wenzangu, yangu hakuna anayeitaka!"

"Kwa mgonjwa, Fiachra? Unanuka kuliko kondoo yule." Gobnait alitema mate. "Uliinakili yote?"

"Neno kwa neno. Nakala moja ninayo."

"Basi ipo. Wapigie hao wa Dublin, uwaambie ni ya nani, nisikie. Kisha uyazoe matumbo yako kwa mikono mitupu. Na usinawe, tuna safari."

Saa tisa walikuwa kwa Úna. Bibi alikunja uso. "Nani ananuka hivyo?"

"Mwizi wako, bibi. Amekuja kukusomea viazi vyako, kabla sijavichapa kwa jina lako."

Úna alimtazama Fiachra kama mtu anayetazama alichokanyaga.

"Mweke dirishani," alisema. "Asome kwa sauti. Akikosea neno, nitamwambia."