Udi Mlangoni kwa Watu

Siku za likizo, kabla jua halijachomoza, mama alikuwa akichochea jiko la mchuzi wa tambi na mimi nikiosha bakuli. Kukipambazuka nilichukua vijiti vyangu viwili vya mbao, nikaingia vichochoroni nikivigonganisha: ko, koko, ko. Mwenye njaa alifungua dirisha na kunipigia kelele, "Khue! Mbili, moja bila vitunguu!" Nilikimbia kwa mama, nikarudi na bakuli zinazofuka moshi juu ya sinia. Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka minane. Nilipofika kumi na miwili nilikuwa nikijigamba mbele ya kila mtu kwamba katika mtaa wetu, hapa Saigon, hakuna kichochoro nisichokijua.

Baba yangu, Luc, anatembeza wageni kwa pikipiki. Mgeni hukaa nyuma, baba huendesha huku akimsimulia habari za jiji, na dada yake, Shangazi Nhan, huwafuata na pikipiki ya pili iwapo wageni ni wawili. Wengi huja kutaka picha za soko na mfereji, na kuona jinsi pikipiki elfu zinavyopishana njia panda bila kugongana.

Bibi Suong hakutaka picha. Alikuja asubuhi moja kutoka Ufaransa, peke yake, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na zaidi. Alizungumza lugha yetu kwa maneno ya zamani, yale ambayo mimi nayasikia kwa wazee tu. Alitoa karatasi iliyochakaa kwenye mkoba.

"Hii ni barua ya mwisho ya mama yangu," alimwambia baba. "Nyumba yake ni 112/9. Nilitoroka kwa mashua na mjomba baada ya vita, nikiwa na miaka kumi na mitano. Mama akabaki kulinda nyumba, akafa miaka mitatu baadaye. Baadaye makaburi yakahamishwa ili jiji lijengwe, na hapakuwa na mtu wa kuchukua mifupa yake. Kaburi halipo tena, mwanangu. Kilichobaki ni mlango wake."

"Unataka kwenda lini, Mama?" baba aliuliza.

"Leo. Leo ndiyo siku aliyofariki, na ndege yangu inaondoka usiku."

Kwetu, siku kama hiyo marehemu hurudi nyumbani kula na wanawe, na udi ndio unaomwonyesha mlango. Miaka arobaini na saba mama huyo hakuwa amewashiwa udi na mwanawe mlangoni pake.

"Kichochoro cha 112 nakijua!" nilidakia. "Nauza tambi kila siku kule. Nitampeleka mimi!"

"Hukuulizwa," alisema Shangazi Nhan. "Haya, panda nyuma yangu, ramani inayotembea."

Baba alimfunga Bibi Suong helmeti vizuri, akavuta mkanda kuhakikisha umekaza. "Nishike hapa kiunoni, Mama. Pikipiki ikilala, ulale nayo. Usijivute upande wa pili, tutaanguka wote."

Tulipofika kwenye mzunguko mkubwa wa barabara niliona Bibi Suong amefumba macho. Pikipiki zilitujia kutoka kila upande: moja imebeba friji, nyingine familia nzima, nyingine bata hai ndani ya tenga. Baba alikwenda polepole bila kusimama.

"Fumbua macho, Mama," alimwambia. "Kila mtu hapa anakuona. Ukienda polepole na ukaonekana unakokwenda, watu watakupisha."

"Enzi zangu zilikuwa baiskeli," Bibi Suong alijibu, na akafumbua jicho moja.

Sokoni alinunua maua ya njano na pakiti ya udi. Kichochoro cha 112 tulikikuta kimechimbwa kuwekewa mabomba, pikipiki hazipiti. Baba alisimama barabarani.

"Mimi na shangazi yako tutalinda pikipiki. Mpeleke bibi. Lakini kwanza muulize Babu Mau kinyozi. Yupo pale tangu mimi sijazaliwa."

"Baba, mimi najua."

"Muulize hata kama unajua."

Babu Mau alikuwa amening'iniza kioo chake ukutani kama kawaida, ananyoa ndevu za mtu. Nilimpita nimeinua kichwa. Kuuliza mbele ya mgeni niliona ni kujishusha, mimi niliyejitangaza mjuzi. Nilimshika Bibi Suong mkono, tukaruka mitaro, tukakata kushoto, kulia, hadi kwenye geti la bluu. Kibao chake kiliandikwa waziwazi: 112/9.

"Ndiyo hii, Bibi," nikasema.

Wenyewe hawakuwapo. Bibi Suong alitazama ile nyumba ya ghorofa tatu kwa muda mrefu. "Imejengwa upya," alisema taratibu. Aliweka maua chini, akawasha vijiti vitatu vya udi, akapiga magoti kwenye saruji. Alizungumza na mama yake kwa sauti ndogo. Alimweleza kwamba aliolewa, kwamba ana watoto watatu, kwamba mmoja amefanana naye pua. Aliomba radhi mara nyingi.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kibao. Hapo ndipo niliposoma maandishi madogo ya chini, ambayo kila siku nayapita na sinia ya tambi bila kuyajali: namba ya zamani, 112/31.

Nilikumbuka baba akisema kwamba nyumba nyingi za Saigon zilibadilishwa namba, na ya zamani huandikwa chini kwa herufi ndogo. Barua ya Bibi Suong ilikuwa ya zamani kuliko kibao kile. Nyumba ya mama yake haikuwa hii. Mlango ule ulikuwa wa watu wengine kabisa.

Wakati uleule Bibi Suong aliinua uso. "Mjukuu wangu, hapa kushoto palikuwa na kisima. Mbona sikioni?"

Ningeweza kusema kweli. Babu Mau alikuwa hatua mia moja tu kutoka pale. Badala yake ulimi wangu ulisema, "Kilifukiwa, Bibi. Watu wa hapa waliniambia."

Aliniamini. Alitoa leso nyeupe, akachota udongo kidogo kwenye ufa wa ukuta palipoota majani, akaufunga fundo. "Huu nitautia katika chungu cha udi nyumbani kwangu ng'ambo," alisema, "ili wanangu wapate pa kumwitia bibi yao. Ahsante, mjukuu wangu. Mungu akuweke."

Tulizunguka jiji mpaka mchana ukapita. Baba alimpeleka kwenye shule aliyosoma, kwenye mfereji, kwenye daraja alilokuwa akivuka na mama yake kwenda sokoni. Alicheka mara mbili. Kila alipocheka niligeuza uso.

"Leo umemeza vijiti vyako?" Shangazi Nhan aliniuliza kwenye taa nyekundu. "Asubuhi ulikuwa kasuku."

"Nimechoka, Shangazi."

"Umechoka kukaa?"

Saa kumi jioni tuliketi kula wali wa chenga kwa nyama ya kuchoma. Bibi Suong aliomba bakuli moja la ziada na vijiti vya kulia, akaviweka kwenye kiti kitupu kando yake. "Mama anakula nasi," alisema. Akachukua kipande cha nyama kinono kuliko vyote, akakitia katika bakuli langu. "Na hiki ni cha aliyenifikisha. Nimelala vibaya miaka arobaini na saba. Leo nitalala."

Nilikitazama kile kipande. Kama ningekimeza, nilijua ningekaa na uwongo ule maisha yangu yote.

"Bibi," nikasema, na machozi yakaanza kabla ya maneno. "Siyo ile. Nyumba siyo ile."

Baba aliweka vijiti vyake chini. "Sema vizuri, Khue."

"Namba imebadilishwa. Niliiona ya zamani pale kwenye kibao, Bibi akiwa amepiga magoti. Nikaona haya. Na kisima... hakuna aliyeniambia habari za kisima. Nilitunga."

"Babu Mau ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Nilingoja kofi au kelele. Afadhali vingekuja. Bibi Suong alifungua leso, akautazama udongo, kisha akakitazama kile kiti kitupu.

"Kwa hiyo mama yangu," aliuliza polepole, "bado anasubiri?"

Baba alisimama. "Khue, vaa helmeti."

Saa ya watu kutoka kazini ilikuwa imefika, na mvua nayo ikaanguka bila kupiga hodi. Tulijitupia makoti ya mvua. Barabara ilijaa pikipiki gurudumu kwa gurudumu, maji yakapanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Bibi Suong alikuwa na saa mbili tu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Baba hakupiga honi ovyo wala hakupanda njia ya waendao kwa miguu kama wengine. Alimkinga mvua kwa mgongo wake na kusonga mbele kidogo kidogo. Mimi, nyuma ya Shangazi, nilikuwa naomba kimoyomoyo tusichelewe.

Tulipofika 112, Babu Mau alikuwa anakunja kiti chake. Safari hii nilitangulia mwenyewe, nimeloa chapachapa.

"Shikamoo, Babu. Nyumba iliyokuwa 112/9 zamani, kabla ya namba kubadilishwa, ni ipi?"

"Ahaa," alisema. "Asubuhi nilikuona unapita umeinua pua, nikajua tu utarudi. Ni kwa Bi Thuan fundi cherehani, mwisho kabisa wa kichochoro. Palikuwa na mama mmoja pale akiishi peke yake. Nilikuwa namchotea maji kisimani."

Bibi Suong alijishika ukutani. "Wewe ni Mau? Mau wa makovu ya ndui?"

Babu Mau alimkazia macho. Kiti kikamponyoka.

Lakini Bibi Suong alinigeukia kwanza, akanipa leso. "Rudisha udongo wa wenyewe."

Nilikwenda peke yangu hadi geti la bluu. Safari hii mwenye nyumba alifungua. Nilimwambia kila kitu, nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaurudisha udongo kwenye ufa wake.

"Kumbe ni nyinyi!" alisema. "Nimekuta maua na udi wa marehemu mlangoni, nikadhani kuna mtu ananitakia mabaya." Hakucheka, na mimi sikutegemea acheke.

Nilipofika kwa Bi Thuan, wote walikuwa wamekwisha ingia. Kisima kilikuwapo, jikoni, kimefunikwa kwa zege. Bibi Suong alikuwa ameweka kiganja juu ya ule mfuniko. Bi Thuan, mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, alikuwa anamwonyesha madhabahu ya wahenga wake. Pembeni ya bakuli zao palikuwa na bakuli jingine dogo la wali.

"Tulipohamia hapa," alieleza, "majirani walituambia mwenye nyumba alifia humu akimngoja binti yake. Tukaona si vizuri sisi tushibe kwake na yeye alale njaa. Tangu hapo tukiwatengea wazazi wetu, tunamtengea na yeye. Shida ni jina. Hakuna aliyelikumbuka. Tunamwita tu, 'Mama mwenye nyumba, karibu.'"

"Mimi nilikuwa namwita dada," alisema Babu Mau kwa aibu. "Jina lake sikuuliza."

Bibi Suong alijaribu kusema, kilio kikamzuia. Bi Thuan akaanza kuandaa sinia bila kumharakisha: wali, samaki wa kukaanga, chai. Shangazi Nhan alimsaidia. Baba alinivuta kando, mlangoni, maji ya mvua yakitutiririka miguuni.

"Miaka kumi na minane naendesha katika jiji hili," alisema. "Bado nauliza njia kila siku. Sijawahi kuona haya."

"Ndiyo, Baba."

"Kukosea nyumba ni jambo la kawaida. Kosa lako lilianza pale ulipojua, ukanyamaza, kisha ukatunga. Mtu akikaa nyuma yako amekukabidhi maisha yake. Hawezi kuona mbele. Anaona unachomwambia wewe. Ukimdanganya ili wewe usiaibike, umemtupa barabarani. Na uliposema kweli mezani, ingawa ulichelewa, ulimwokota. Yote mawili uyakumbuke, siyo moja."

Niliitikia kwa kichwa.

Ndani, udi ulikuwa umewashwa. Bibi Suong alipiga magoti, na sisi sote nyuma yake, hata Babu Mau na magoti yake mabovu. Bi Thuan aliinama, akamsogezea sikio.

"Anaitwa nani mama yako?"

"Ngan," alisema Bibi Suong. "Le Thi Ngan."

Bi Thuan aliunganisha viganja, akaelekea mlango uliokuwa wazi kwenye mvua, na akaita kwa sauti ya mtu anayemwita jirani aje kula.

"Mama Ngan! Binti yako amefika. Karibu ndani, chakula kiko tayari."

Bibi Suong alilia kwa sauti kubwa kama mtoto, na mimi nikalia naye.