Mkunjo Katikati ya Sehemu B

Jumatatu asubuhi, chai ya ofisi haijachemka, mkurugenzi wa mitihani alifungua kabati la chuma akakuta bahasha ya Sehemu B, yaani sarufi na nahau, imevunjwa lakiri. Karatasi zilikuwamo zote. Hilo halikumtuliza hata kidogo, maana swali likishaonwa na mtu wa nje halifai tena.

Mpelelezi alipofika saa nne, mkurugenzi alikuwa ameshapata mtu wa kumtwika mzigo.

"Ni Dada Mpya," alisema. "Yuko kwenye miezi ya majaribio, ufunguo anao, na kaka yake anafundisha tuisheni. Tazama karatasi hii, ina chaki ya darasani. Jioni uondoke naye, na kazi hana."

Mpelelezi, mwanamke mfupi asiye na papara ambaye kila mtu alimwita Afande, aliipeleka karatasi dirishani. Kweli palikuwa na alama ya buluu. Aliipuliza, haikutoka. Aliifuta kwa kidole, ikamganda kama nta. Halafu akauona mkunjo. Maswali yalichapwa kushoto na majibu ya kuchagua kulia, na mtu alikuwa ameikunja karatasi katikati kabisa, majibu yote yakaenda nyuma.

"Funguo zingine anazo nani?"

"Mimi, na Mzee Kituo. Huyo usimguse, ameutunga huu mtihani tangu mimi nikiwa nimevaa kaptula."

Afande hakuhitaji kuambiwa. Mzee Kituo alimfundisha yeye mwenyewe darasani, na alipomkuta koridoni alijikuta amesimama wima kama yule msichana wa zamani.

"Mwanangu, umenenepa," mzee alisema kwa furaha. "Ndiyo kazi ya kukamata watu hiyo?"

"Na wewe umependeza, Mwalimu. Koti jipya?"

"La zamani. Limepunguzwa mikono tu." Aliinua mkono kuonyesha pindo, ambalo bado lilikuwa na mstari wa buluu wa kipimo. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala vizuri.

Dada Mpya alikuwa kwenye chumba cha watunzi, ameketi mbele ya meza tupu. Alikuwa amelia akanawa uso.

"Nieleze mnavyolijaribu swali," Afande alimwambia.

"Unafunika majibu, Afande, yasikusaidie. Unasoma sentensi. Kila ukikuta 'yeye' au 'lake' unauliza, nani? Majibu yakija mawili, swali linakwenda kapuni. Nahau unaisoma kama mtoto ambaye hajawahi kuisikia. Ukimwambia watu wamekula njama, atauliza ilipikwa na nini."

Afande alicheka. "Majibu unayafunika kwa kitu gani?"

"Kipande cha manila. Wa zamani walikuwa wanakunja karatasi. Mzee Kituo ndiye aliyenifundisha yote haya."

"Mmewahi kukosana?"

Alisita. "Ijumaa tulibishana. Kuna swali lake: 'Fundi alimwambia dereva kwamba gari lake limeharibika.' Gari la nani? Mzee anasema la dereva, mtoto yeyote anajua. Mimi nikasema linaweza kuwa la fundi pia, na mtoto asinyimwe alama kwa kosa letu. Akagonga meza, akasema, 'Kituo.' Akisema hivyo, basi, yamekwisha."

Afande aliutazama tena ule mkunjo. Alikuwa ameshajua, na moyo ulimuuma. Akawaita mkurugenzi na Mzee Kituo chumbani humo, akalaza karatasi mezani.

"Mwizi wa mtihani anatafuta majibu," alisema. "Huyu aliyakunja yasionekane. Hakuwa anaiba, alikuwa anajaribu swali. Sheria aliivunja, lakini utaratibu wa kazi ulimshinda kuuvunja."

"Na chaki?" mkurugenzi akauliza.

"Ya ubaoni inapukutika. Hii ina nta, ya fundi cherehani." Afande alishusha sauti. "Mwalimu, nani alikupunguzia koti?"

Mzee Kituo alilitazama pindo lake.

"Mke wangu," alisema. "Bahasha niliondoka nayo Ijumaa, leo nikawahi kuirudisha. Nilimsomea kwenye meza yake ya kukatia nguo, nimekunja ili asichungulie. Nilitaka nije niseme, hata nyumbani kwangu wanajua ni la dereva."

"Akajibuje?" Dada Mpya aliuliza taratibu.

"La fundi. Nikamwambia fikiri vizuri. Akasema, haya, la dereva. Halafu akaniuliza kwa nini tunawatesa watoto wa watu."



"Kwa hiyo ulijua Dada Mpya yuko sahihi," Afande alisema. "Na asubuhi akaitwa mwizi mbele yako."

"Nikanyamaza. Niliona haya. Bahasha ni kosa, mwanangu, lakini kule kunyamaza ndiko kulikoninyima raha." Alimgeukia Dada Mpya. "Nisamehe, binti yangu. Umeonewa, na aliyekuonea ni mimi."

Aliweka ufunguo mezani. Hakuna aliyemwomba auchukue tena, ingawa kila mmoja alitamani.

"Itabidi niandike yote, Mwalimu," Afande alisema.

"Andika. Ila uandike wazi nani alifanya nini. Pasiwe na 'yeye' wa kubahatisha."

Mkurugenzi akakohoa, akamwomba radhi Dada Mpya, akaamuru Sehemu B yote itungwe upya, na huyo huyo Dada Mpya ndiye aitunge. Mzee akatia miwani na kikombe chake mkobani. Mlangoni akamgeukia Dada Mpya.

"Siku ukigongewa meza tena," alimwambia, "wewe endelea kuuliza nani."

Dada Mpya aliinuka. Akauchukua mkoba, mkoba wa mzee, akamsindikiza mpaka getini.