Uvimbe Chini ya Mkanda

Fundi cherehani alikuwa akishona suruali barazani. Karibu na miguu yake, mtoto wa paka alilala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Aliitwa Kitambi, kwa sababu alikuwa na uvimbe laini kitovuni.

"Ukiubonyeza kidogo unarudi ndani," alisema binti wa fundi. "Baba, tumpeleke kwa daktari wa mifugo autazame."

"Daktari wa nini? Nimebana matumbo ya wanene wa mtaa mzima, nitashindwa na la paka?"

Fundi akashona mkanda wa lastiki, akautia kifungo kikubwa cha kukandamiza uvimbe, akamfunga Kitambi.

Mkewe alicheka. "Bado koti tu, aende harusini!"

Siku chache zikapita. Asubuhi moja Kitambi hakugusa chakula. Alitapika, kisha akajikunja kapuni. Alipoguswa tumbo, alilia.

"Minyoo hiyo," alisema fundi. "Kesho atakuwa mzima."

Binti aliinama kapuni. Alifungua mkanda. Uvimbe ulikuwa umekua. Ulikuwa mgumu na wa moto, na ngozi imegeuka zambarau.

"Baba, haurudi ndani!"

"Mume wangu," alisema mama, "acha hiyo cherehani."

Fundi aliacha mshono katikati. Wakaondoka mbio na kapu.

"Hii ni ngiri," alisema daktari wa mifugo. "Tundu la kitovu halikuziba. Uvimbe ukiwa laini na ukirudi ndani, si dharura. Mlete tu nimpime. Ukiwa mgumu, ukiuma, usiporudi ndani, au paka akitapika na kukataa kula, huenda utumbo umenaswa. Damu haipiti, utumbo unakufa. Hapo usiusukume, wala usingoje kesho. Mlete saa hiyo hiyo."

"Na mkanda?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hauzibi tundu, mzee. Ulikuwa unaficha hatari tu. Nani aliufungua?"

"Mimi," alisema binti.

"Basi wewe ndiye umemwokoa."

Kitambi alipasuliwa siku ile ile. Utumbo ulikuwa bado mzima. Daktari aliurudisha ndani, akalishona tundu.

Fundi aliutazama mshono kwa makini. "Safi," alisema. "Ungekuwa fundi mzuri."

Kitambi alipopona, mteja mmoja alifika barazani na paka mdogo. "Fundi, nasikia unashona mikanda ya ngiri."

"Sishoni tena. Huo uvimbe unarudi ndani?"

"Jana ulirudi. Leo umegoma, na hali kitu."

"Sasa umekaa hapa unanitazama nini? Kimbia kwa daktari! Binti yangu, mwonyeshe njia."